Jinsi ya Kumpata Rais Kabla Bomas Hawajampata

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Vituo vitafungwa saa kumi na moja jioni, na ikigonga saa mbili usiku utatarajiwa, kama mtu mzima mwenye simu na akili timamu, uwe umeshamjua rais. Kusema "tusubiri tume" kunaruhusiwa kanisani, msikitini na mbele ya wakwe. Kwingine kote watu watakuona huna habari, au watashuku, na hilo ni baya zaidi, kwamba ulimpigia mtu unayeona haya kumtaja.

Mwongozo huu umetokana na chaguzi nne zilizopita. Katika kila mojawapo mshindi alijulikana mapema kabisa, isipokuwa kila upande ulikuwa na wake.

Panga chakula kwanza. Usiku wa uchaguzi wa 2022 uliingia Jumanne tarehe 9 Agosti na haukukucha hadi Jumatatu tarehe 15, jioni. Katiba inaipa tume ya IEBC siku saba za kutangaza matokeo ya urais, na tume haina mazoea ya kurudisha chenji. Nunua unga, maziwa na njugu za wiki nzima. Bando la simu lihesabiwe kama chakula. Weka betri ya akiba, maana stima ina tabia ya kupotea kaunti moja ikibaki. Runinga ziwe mbili: moja ya stesheni inayompa mtu wako uongozi, nyingine ya kutukana. Tafuta pia daftari la hesabu, lile la miraba, hata kama hutaandika kitu. Mtu aliyeshika daftari hakatizwi.

Mwisho hakikisha sebuleni yupo mjomba mmoja aliyepiga kura mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Kazi yake ni kuketi karibu na mlango na kusema maneno mawili kila baada ya nusu saa.

"Mjomba, tunaongoza!"

"Hizi bado."

"Bado zipi, mjomba?"

Mjomba hajibu. Anaomba chai.

Sasa hesabu. Kanuni ya kwanza ni kuanza na jibu. Wanaoanza na kura hupata tabu sana baadaye, maana kura huja bila mpangilio, nyingine hazina adabu, na kabla hujajua umejikuta unakubali jambo ambalo hukulipigia kura. Anayeanza na jibu ana kazi nyepesi: takwimu zikimpendelea mtu wake, huo ni mwelekeo, zisipompendelea, ngome zetu bado hazijaingia. Zikariri sentensi hizo mbili. Zitakutosha hadi Alhamisi.

Na zote mbili zimewahi kuwa kweli, ndiyo maana haziishi makali. Mwaka 2007 hayati Raila Odinga aliongoza kwa mbali siku ya kwanza ya hesabu, kisha pengo likaanza kupungua kura za eneo la Kati zilipoingia, na tarehe 30 Desemba mwenyekiti wa tume ya wakati huo, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993. Kibaki aliapishwa jioni hiyohiyo. Yaliyofuata hayana utani: zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mpaka leo ukiona uongozi mkubwa unayeyuka kwenye runinga, hata mjomba huacha kuongea.

Tangu hapo kila uchaguzi umekuja na dawa mpya ya ugonjwa wa uchaguzi uliopita, na kila dawa na madhara yake. Mwaka 2013 dawa ilikuwa elektroniki. Matokeo yaliruka kutoka vituoni moja kwa moja hadi kwenye skrini ya Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, na pamoja nayo zikaruka kura zilizoharibika zaidi ya 300,000. Taifa zima likajiuliza Wakenya wamesahau lini kuweka alama kwenye karatasi. Kumbe programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Mitambo ikawekwa kando, wasimamizi wakaitwa Nairobi na karatasi zao, na siku tano baada ya kura Uhuru Kenyatta akapata asilimia 50.07, yaani kura 8,000 na ushei juu ya nusu. Mwaka 2017 takwimu zilitiririka vizuri mno. Pengo la asilimia 10 hivi kati ya Uhuru na Raila lilijitokeza mapema na kusimama karibu palepale usiku kucha, likisubiri kura za Turkana kwa utulivu uleule liliosubiri nao za Kiambu. Upinzani ukaanza kuongea habari za vifaranga vya kompyuta, yaani viongozi walioanguliwa na mashine. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikaufuta uchaguzi ule.

Kwa hiyo 2022 tume ikaamua: takwimu hatutoi, tunatoa picha.

Hapa ndipo penye raha yote, na ndipo mwongozo huu utakapokaa kidogo. Kila kituo kikimaliza kuhesabu, msimamizi hujaza Fomu 34A: jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea, zilizokataliwa, sahihi za mawakala, muhuri. Fomu hupigwa picha kwa kile kijisanduku cha KIEMS kilichotumika asubuhi kusoma vidole, na picha hutumwa. Matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba hakuna mkubwa wa Nairobi mwenye ruhusa ya kuyakuna. Vituo vilikuwa 46,229, na picha zote zikawekwa kwenye tovuti ya umma. Katika saa 24 hivi, zaidi ya fomu tisa kwa kila kumi zilikuwa zimeshapanda.

Tafakari hali hiyo. Jumatano jioni rais wa Kenya alikuwa tayari yuko kwenye intaneti, amelala uchi mbele ya kila mwenye simu. Kilichokosekana ni mtu wa kujumlisha.

Jaribu basi. Fungua picha moja. Karatasi imelala ubavu, kwa hiyo unageuza simu, nayo simu kwa heshima zake inaigeuza karatasi tena. Unainamisha shingo. Hii nambari ni 1 au 7? Aliyeiandika ameamka saa nane usiku, ameshinda kutwa akibishana na mawakala, na sasa anaandikia juu ya dawati la darasa la tatu kwa mwanga wa taa ya betri. Ni 7. Hapana, linganisha na jumla ya chini. Ni 1. Ukiipa kila fomu dakika moja tu, fomu 46,229 zitakuchukua siku 32 bila kulala, bila kula na bila kwenda haja. Ukitaka kumaliza ndani ya siku saba za Katiba tafuta watu watano wa namna hiyo. Ndugu zako hawafai, maana watakuwa na maoni.

Vyombo vya habari vilikuwa na vijana wa kutosha wa kazi hiyo, wakiandika nambari kwenye kompyuta usiku kucha. Lakini kila chumba cha habari kilianzia mahali pake na kwenda kwa mwendo wake. Matokeo yake, saa moja hiyohiyo, William Ruto alikuwa anaongoza kwenye runinga ya sebuleni na Raila anaongoza kwenye runinga ya duka la jirani, na wote wawili walikuwa wanaongoza kwa haki. Hakuna aliyedanganya. Fomu zilikuwa halali zote, ila si zilezile. Wananchi waliliona jambo hilo na kufikia uamuzi wa busara kwamba stesheni zote zimenunuliwa, kila moja na mnunuzi wake. Baadaye hesabu za runinga zikapunguza mwendo, kisha zikasimama moja baada ya nyingine kabla ya kufika mwisho, na watangazaji wakaanza kuzungumzia amani kwa sauti ya chini. Ukiona hivyo 2027, ujue karamu ya umma imekwisha na sasa umebaki na kundi lenu la WhatsApp.

Humo utapata fomu nyingine, za shemeji. Shemeji huwa na fomu kabla ya tume. Mwongozo unashauri usizisambaze ovyo: hakikisha kwanza zinampendelea mtu wako. Uhakiki mwingine hauhitajiki, lakini ukitaka kumharibia shemeji usiku wake, kumbuka kwamba kituo kimoja hakiandikishi zaidi ya wapiga kura 700. Fomu ya kituo kimoja yenye kura 812 za mgombea mmoja ni muujiza, na miujiza haipigwi muhuri na tume.

Ipo njia nyingine ya kumjua mshindi. Siipendekezi, kwa sababu haina msisimko na huwa inafika. Ni ile ya mjomba, ila mjomba aliishia nusu: alisema hizi bado, asiseme ni zipi.

Usiulize nani anaongoza. Uliza kura ambazo hazijaingia ziko wapi. Mwaka 2022 kila kituo kilipata wastani wa kura 310 hivi. Tuseme mtu wako anaongoza kwa kura 200,000 na zimebaki fomu 4,000. Hizo ni kura kama 1,240,000. Mpinzani ili ampite lazima azoe kama 720,000 kati yake, yaani asilimia 58. Sasa tazama ramani. Kama fomu zilizobaki ni za Nairobi, ambako kura hugawanyika, mpe mtu wako pole ya mapema kwa kazi inayomngoja. Kama ni za Siaya na Homa Bay, na mpinzani ndiye mwenye Nyanza, asilimia 58 ni kifungua kinywa. Kama ni za Bomet, swali ni lilelile, ila majina yamebadilishana. Uongozi wa kura 200,000 peke yake hauna maana yoyote. Ndio unaoonyeshwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye skrini.

Halafu angalia waliojitokeza, maana ngome ni ya waliotoka nyumbani. Bomet na Kericho zaidi ya watu saba kwa kila kumi waliojiandikisha walipiga kura mwaka 2022. Mombasa hata nusu hawakufika. (Mombasa na Kakamega kura ya ugavana iliahirishwa dakika za mwisho kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, ikapigwa tarehe 29 Agosti. Mtu aliyekuwa ametokea kwa ajili ya gavana wake akaona heri ageukie mahamri.) Mchambuzi wa runingani atakwambia ngome fulani ina wapiga kura waliojiandikisha milioni ngapi, atanyamaza kwa mbwembwe, atainua nyusi. Mwache. Daftari la wapiga kura halipangi foleni.

Usimwache pia akuhamishie kura kwa mdomo. Mwezi Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na wachambuzi kadhaa wakachukua kura za Uhuru za Mlima Kenya za 2017, wakazihesabu vizuri, wakazipeleka kwa Raila. Uhuru mwenyewe alienda. Kura zikabaki, na 2022 nyingi zikaenda kwa Ruto.

Ukiwa mvivu kabisa kuna njia fupi zaidi, ya sampuli. Anayeonja mchuzi hukoroga kwanza. Vituo 1,000 vilivyochaguliwa kwa utaratibu kutoka kila pembe ya nchi vinasema mengi kuliko 20,000 vilivyowahi kwa sababu vina mtandao mzuri. Kundi la waangalizi la ELOG lilifanya hivyo 2022, likapata Ruto asilimia 50.7 na Raila 48.7. Tume ilisema 50.49 na 48.85. Hesabu safi kabisa. Lakini ELOG walikuwa waungwana wa kuongeza kwamba huenda wamepotoka kwa asilimia 2 hivi juu au chini, na walilitoa jibu lao baada ya tume kutangaza. Maana yake, hesabu bora kuliko zote nchini ilituambia kwamba Ruto huenda ameshinda, na huenda turudie. Jibu kama hilo ukilitoa sebuleni utanyang'anywa rimoti.

Tusisahau masharti. Kumshinda mwenzako hakutoshi. Katiba inataka zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hilo la robo huwa linatajwa saa sita usiku na mtu aliyekuwa kimya tangu asubuhi, na hunyamazisha chumba. 2022 halikumsumbua yeyote kati ya wawili wale: Ruto alipata robo katika kaunti 39, Raila 34. Lililosumbua ni nusu. Ruto alipata kura 7,176,141, na nusu ya kura halali ilikuwa 7,106,514. Yaani kwa nchi nzima alivuka mstari kwa kura 69,627. Ongeza zile 113,614 zilizokataliwa kwenye hesabu, kama mawakili wengine walivyotaka, bado anavuka, ila sasa kwa kura 12,800 na kitu. Watu wa ughaibuni waliojiandikisha walikuwa 10,443. Kwa hiyo yule binamu wa Doha anayekupigia simu kuuliza kura yake imefanya nini, safari hii mjibu kwa heshima kidogo.

Tumefika kwenye desimali, ambako mwongozo huu unakuomba uvue viatu. Jumatatu ile Bomas kwaya ziliimba kwa saa kadhaa. Saa tisa ikapita, kumi ikapita, nyimbo zikaongezwa. (Hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko zote nilizotaja: kwaya ikianza kurudia nyimbo, nyuma ya pazia kuna watu wanaogombana.) Makamishna wanne kati ya saba waliondoka, wakaenda hoteli ya Serena kusema matokeo hawayatambui. Bomas kulikuwa na vurugu jukwaani, kisha mwenyekiti wa tume, hayati Wafula Chebukati, akasimama, akamtangaza Ruto. Kesho yake wale wanne wakatoa sababu zao, mojawapo hii: asilimia za wagombea zinafika 100.01. Hiyo 0.01, walisema, ni kura kama 142,000.

Toa daftari sasa. Ruto 50.49, Raila 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Waihiga 0.23. Jumlisha. Ni 100.01 kweli. Sasa rudi kwenye kura zenyewe: 7,176,141 na 6,942,930 na 61,969 na 31,987. Jumla ni 14,213,027. Gawanya tena, safari hii usiishie kwenye tarakimu mbili. Ruto ana 50.4899. Raila 48.8491. Wajackoyah 0.4360. Waihiga 0.2251, kwa kubana sana. Wote wanne, bila kuambiana, waliangukia upande wa kupandishwa. Mchango mkubwa kuliko wote ulitoka kwa Waihiga, wa mwisho kwenye orodha: kura zake zingepungua nane tu angeandikwa 0.22, jumla ikawa 100 kamili, na kesho yake wale wanne wangekosa hoja hiyo. Ama zile kura 142,000, hizo ni asilimia moja nzima. Asilimia 0.01 ni kura 1,421. Nukta ilipotea mahali fulani kati ya Bomas na mjini, na barabara ile ya Lang'ata ina msongamano.

Wafuasi wa kila upande walitumia juma zima kubishania nukta hiyo kwa ufundi ambao walimu wao wa hesabu hawakuwahi kuuona. Hapo ndipo mwongozo huu unataka ufike.

Mshindi akishatangazwa, usizime kitu. Kuna siku saba za kuwasilisha kesi na 14 za kuiamua, na katika siku hizo kikokotoo unakiweka kando unakuwa wakili. Zungumza kuhusu seva kana kwamba umewahi kuiona. Mwaka 2022 majaji walilinganisha fomu za tovuti na zile za karatasi zilizoletwa Bomas, hawakuona tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba wote kwa sauti moja wakaacha matokeo yalivyo. Majaji wa 2017 ndio walioturudisha debeni, tarehe 26 Oktoba. Raila alijiondoa, kaunti nne za Nyanza hazikupiga kura, na Uhuru akapata asilimia 98.26. Usiku huo kila Mkenya alikuwa anamjua mshindi tangu kabla ya vituo kufunguliwa, bila daftari wala kikokotoo, na hata mjomba alilala saa tatu.